Wigo wa Matete Kisimani kwa Babu Yako

Mwanangu Tusekile,

Habari za sanduku sitakuandikia. Sabuni umeiweka mwenyewe nikiona, shuka bibi yako amezikunja, akazikunjua, akazikunja tena, na kuhusu kuwaamkia wakubwa, kama hukujua mpaka leo basi barua haitakusaidia kitu. Sasa hivi nadhani shangazi yako bado anakulisha huko Vwawa, namjua yule, haagi mtu mpaka mtu ashindwe kutembea. Baba yako itabidi akusukume juu ya baiskeli kama gunia. Nami nimepata nafasi. Jua lingalipo, maharage yako motoni, nimeketi kwenye kigoda mlangoni mwa jikoni, karatasi juu ya ungo. Ukikuta punje ya ulezi imebanwa humu ndani, ujue ndiko ilikotoka.

Lori linapita kesho asubuhi. Chuo cha kilimo wamekukubali, nguo zimefungwa, mkate wa njiani upo. Kilichobaki ni neno la babu yako, na babu yako hajasema. Tangu Jumapili baba yako anakwenda kwake kila jioni kumweleza, na kila jioni anaambiwa, "Nimesikia." Loo! Nimesikia ndiyo nini? Mtu akisema nimesikia, amekubali au amekataa? Na wewe unaijua nyumba hii. Mtoto haendi safari ya mbali bila babu kumtamkia neno. Baba yako hawezi kumruka baba yake, wala mimi sitamwomba amruke. Basi hapa naandika barua ya safari nisiyojua kama ipo. Ukiisoma ukiwa ndani ya lori, tumeshinda. Asiposema, kesho nitawashia moto kwa karatasi hizi, na uji wa siku hiyo sijui nani atakunywa.

Mimi mwenyewe siwezi kwenda kumwomba. Wewe umezaliwa ukayakuta haya, unayaona ya kawaida kama mvua, lakini huko uendako wenzako watakuuliza, kwa hiyo nakueleza kama ninavyomweleza mgeni. Sisi Wandali, mke wa mtu hamtazami baba mkwe wake usoni. Hakutani naye njiani, haketi alipoketi, hasemi naye. Nikimsikia anakuja, naacha njia naingia shambani. Naye akijua nipo karibu, anakohoa ili nipate kujificha. Si chuki hiyo. Mtu yeyote asikudanganye kwamba ni chuki. Ni heshima, na inakwenda pande mbili, maana mzee mzima anayekohoa njia nzima kwa ajili ya msichana aliyeletwa juzi kwa ng'ombe, huyo naye anaheshimu. Lakini tangu nilipoolewa mpaka leo sijauona uso wa babu yako. Namjua kwa kikohozi, kwa visigino, na kwa kofia yake niliyoiona siku moja ikipita juu ya mahindi, inakwenda peke yake.

Nakuambia haya kwa sababu yalinifundisha kazi unayokwenda kuisomea, kabla sijajua kwamba ni kazi.

Babu yako alishuka kutoka milima ya Bundali kuja huku Ruanda, karibu na Vwawa, akiwa bado kijana, akapewa ardhi na Wanyiha wenyeji, na jambo la kwanza alilolifanya ni kuchimba kisima. Milimani kwetu maji yanakufuata mlangoni, huku uwandani unayafuata wewe. Kisima kikatoa maji matamu, na watu wa kilima kizima wakawa wanateka. Kwa hiyo Serikali ilipoanza kutuma watu wa kufundisha kilimo, kahawa na usafi wa maji, huyo bwana shamba alifikia wapi? Kwa mwenye kisima, ndiyo adabu.

Ndiye Bwana Joeli, unamjua wa leo, mwenye mvi na tumbo. Siku ile alikuwa kijana mwembamba wa Upare, kaptula ya kaki imenyooka, baiskeli inang'aa, Kiswahili chake kinakwenda mbio mpaka tukawa tunashika neno moja tunaacha matano. Akaitisha somo kisimani. Na mwenye kisima akaketi mbele, juu ya kigoda chake, kama ilivyo haki yake.

Haya, sisi kina mama tukafika na mitungi yetu. Tukakisikia kikohozi. Mama we! Tulitawanyika kama kuku walioona mwewe. Mmoja mgombani, mwingine nyuma ya ghala, mimi ndani ya mahindi na mtungi kichwani bado. Karibu wote tuliokuwa pale tulikuwa wake za wanawe au wake za wana wa ndugu zake, wote wakwe. Nikamsikia Bwana Joeli anaita, sauti ya kusikitika, "Kina mama! Mnakimbia nini? Mimi siumi!"

Wanaume wakacheka mpaka basi, lakini hakuna aliyemweleza. Mambo ya wakwe mtu hamwelezi mgeni mbele ya mkwe mwenyewe. Basi kijana wa watu akaondoka akijua kwamba wanawake wa huku ni waoga, au hawapendi elimu, au wanadhani ametumwa kuhesabu visima vitozwe kodi. Hilo la kodi kweli lilikuwapo, tulilinong'ona. Lakini halikuwa lililotukimbiza.

Akawa anarudi kila baada ya muda, na kila akirudi anafanya adabu ileile: kwanza anamwita mwenye kisima, na akishaketi mwenye kisima, wanawake hawapo. Sasa fikiri mwanangu. Nani anateka maji? Nani anapalilia? Nani anabeba samadi kutoka zizini kwa kichwa chake? Somo likawa linawafikia wasiohusika. Wanaume wanatikisa vichwa, "Ndiyo bwana, kweli bwana," halafu wanakwenda zao kwenye pombe ya ulezi.

Nikawa namwuliza baba yako jioni, "Amesema nini leo?"

"Amesema mambo mazuri sana."

"Yapi?"

"Ya kisima."

"Kisima kifanyweje?"

"Kitunzwe."

"Kitunzwe vipi?"

Ananiangalia kwa macho yale yake ya upole. "Mama, yule mtu anasema haraka."

Ungefanya nini? Mimi nilikuwa mkali wakati ule, tena nilikuwa nimesoma kidogo kwa wamisheni, najua kuandika jina langu, basi nikajiona mkubwa. Nikaamua nitasoma kwa wizi. Siku ya somo la kahawa, walipokuwa wanafundishwa kwenye kitalu kilichokuwa jirani na kisima, nikajificha mgombani mapema, kabla hata wazee hawajafika. Nikaona mashimo yanavyochimbwa. Nikaona kijiti cha kupimia nafasi. Nikamwona Bwana Joeli anachota samadi kwa koleo, anainua juu, anasema, "Hii samadi, wazee wangu..." na papo hapo kikohozi. Babu yako alikuwa amechelewa, na amepita njia ya mgombani! Nilitoka mbio nikaacha na kanga imening'inia kwenye mgomba.

Lakini kwani nilijali? Nilikuwa nimeona. Samadi inawekwa, basi. Kesho yake nikawakusanya wenzangu mtoni na kuwafundisha, mkono kiunoni, sauti juu kama karani. Tukabeba samadi mbichi, ya asubuhi ile, bado inafuka, tukaisindilia kwenye shina la kila mche. Tena niliwahimiza. "Ongezeni! Msiwe wachoyo, na mche nao unakula!"

Wewe sasa unacheka. Unajua kilichotokea. Miche ikawa njano, ikawa kahawia, ikafa yote, yangu na ya wenzangu, kilima kizima. Samadi mbichi inaunguza kama makaa, na hilo ndilo neno ambalo Bwana Joeli alikuwa anakwenda kulisema wakati mimi nakimbia. Msimu mzima wa kahawa umekwenda kwa sababu ya mtu mmoja aliyesikia nusu ya somo na kufundisha somo zima.

Nikajifungia ndani. Nikasema naumwa kichwa. Bibi yako akaja, akasimama mlangoni, unaijua sauti yake.

"Kichwa ndicho kinachokuuma, au miche?"

Nikajifunika shuka.

"Mficha uchi hazai. Toka nje uwaambie."

Nilitoka. Nikawakuta mtoni wanafua, nikasema bila kuzunguka, "Jamani, mimi sikumaliza lile somo. Nilimsikia mkwe nikakimbia. La samadi nilijitungia."

Wakaacha kufua. Halafu Mama Atupele, jirani yetu, yule mnene mwenye kucheka na mabega, akaanza kutikisika. "Kumbe na wewe? Mimi nilikuwa nyuma ya ghala! Nimeona anavyotilia maji, sikuona mche!" Mwingine akasema yeye aliona kivuli kinavyotengenezwa, lakini hakuona kinatengenezewa nini, akadhani ni kibanda cha kuku. Tusekile, tulicheka mpaka nguo zikachukuliwa na maji tukazikimbilia. Kila mmoja alikuwa ameiba kipande chake. Tukaketi pale juu ya mawe tukaviunga vipande vyote, huyu anasema lake, yule anasema lake, na kilipofika kipande cha samadi, hakuna aliyekuwa nacho. Kila mtu alikuwa amekwisha kukimbia.

Jina la Mama Samadi nililipata siku hiyo, hata kabla ya kukuzaa wewe. Wanaojidai wamelisahau, waongo, wanaliita nikiwa nimewapa kisogo. Nalipenda siku hizi. Mtu aliyekupa jina la utani amekusamehe.

Tangu siku ile sioni haya kusema sijui. Kabla ya hapo neno hilo lilikuwa linanikwama kooni kama mwiba wa samaki. Huko chuoni watakujaza mengi, na utakaporudi na viatu vyako, watu watakuuliza hata usiyosomea, ya ng'ombe, ya homa, ya ndoa zao. Nakutakia ulimi mwepesi wa kusema hilo sijui, ngojeni niulize. Hawatakudharau. Mimi walinidharau pale nilipojua.

Basi tukakubaliana kwamba lazima tupate somo zima. Lakini nani atamwambia mwenye kisima? Sisi hatuwezi. Waume zetu wanaona haya. Akaenda bibi yako. Alinisimulia mwenyewe baadaye, na mimi naamini kila neno kwa sababu hakuna mtu mwingine duniani angelisema.

Alimwambia, "Wake za wanao wanataka kusoma."

Babu yako akasema, "Wasome. Nani amewazuia?"

"Wewe."

"Mimi? Nimefanya nini?"

"Umeketi."

Bibi yako akarudi zake, akasema tumpe muda, maana huyu ni mtu wa kutafuna neno kama mkia wa ng'ombe. Tukangoja. Ikapita wiki. Nikawa nasema, ala, amekasirika, sasa hata maji tutanyimwa.

Asubuhi moja naamka nasikia panga bondeni. Ka, ka, ka. Siendi kuchungulia, kwa sababu nasikia na kikohozi. Mchana akiwa ameondoka, tukashuka. Mzee alikuwa amekata matete, mzigo kwa mzigo, akayafunga kwa kamba za migomba, akasimamisha wigo kutoka ukingo wa kisima mpaka kwenye kitalu. Upande huu akaacha kigoda chake. Upande ule akaweka magogo ya kukalia, na yale magogo alikuwa ameyachonga juu yakawa laini, tusichane nguo. Alifanya peke yake, bila kumwomba mtoto wake hata mmoja. Mama Atupele aliketi kwenye gogo, akalipapasa, akaanza kulia na kucheka pamoja.

Ndivyo tulivyosoma. Bwana Joeli alipofika na kuelezwa, na bibi yako ndiye aliyemweleza, alijipiga paji la uso. "Kumbe! Na mimi nimekuwa nikiwafukuza mwenyewe!" Akasimama pale wigo unapoishia, wazee kulia, sisi kushoto, akawa anageuza shingo huku na huku, kila jambo analisema mara mbili, tena polepole, na hiyo ikawa faida nyingine, maana hata waume zetu wakaanza kuelewa. Wewe ulizaliwa masomo yakiendelea, ukawa mgongoni mwangu. Ulilala masomo yote ya mboji na ukaamka kila alipogusa ndoo.

Sasa nikueleze habari ya kifuniko, wewe ukiwa umeanza kutembea. Bwana Joeli alisema kisima kijengewe ukingo wa matofali, kiwekwe ndoo moja ya wote na kamba yake, mtu asitumbukize mtungi wake mchafu, na juu kifunikwe. Ya ukingo wazee walikubali. Ya ndoo walikubali. Ya kufunika, babu yako akasema hapana, na ilikuwa hapana nzito. Kwa sababu huku kwetu mtu akifunika kisima chake amewaambia majirani, maji haya si yenu. Ni tusi hilo. Na yeye ni mgeni, aliyepewa ardhi na wenyeji. Afunike maji? Wanyiha wangemwonaje?

Bwana Joeli akaeleza habari ya matumbo ya watoto, akaeleza vyura, akaeleza majani, wapi! Akaishiwa maneno. Na mimi, sijui nini kilinishika, nikasema, si kwa babu yako, hasha, nilimwambia Bwana Joeli, ila kwa sauti ya kufika mbali: "Bwana, na kifuniko kikiwa chepesi, kiasi cha mtoto mdogo kukiinua, bado kitakuwa kimemnyima mtu?"

Nikatamani ardhi ipasuke. Halafu upande wa pili nikasikia babu yako anauliza, polepole, kama anayeongea na bakora yake, "Kama mtoto anakiinua... basi kitasukwa kwa matete." Kikasukwa kwa matete. Siku ya kukiweka akawaita wenyeji wote, akamtanguliza mtoto mdogo kuliko wote wanaojua kutembea, akakiinua mbele yao, na watu wakapiga vigelegele hadi barabarani. Mtoto huyo ulikuwa wewe, Tusekile. Umesimuliwa mara nyingi, najua, umechoka nayo. Ngoja uwe na wako.

Jioni ile babu yako alimwuliza bibi yako, "Yule aliyeuliza habari ya kifuniko ni nani?" Akaambiwa, "Ni mke wa mwanao, Mama Samadi." Akasema, "Ana kichwa." Hayo tu. Nilikula maneno hayo mawili mwaka mzima.

Nimekuandikia yote haya kwa sababu ya jambo moja dogo, na nitalisema mara moja tu nisikuchoshe. Utatumwa vijiji vya watu. Utafika na viatu na kamba ya kupimia, utaketishwa, watu watajaa mbele yako na kutikisa vichwa. Wapende, wafundishe. Lakini wewe tupa jicho kwenye mahindi uone yanapotikisika bila upepo. Huko ndiko alikojificha mwenye kubeba maji. Usimcheke anayejificha, wala usimcheke anayemfanya ajifiche. Kaa na bibi mmoja mkali wa mahali pale, umwulize, hawa wanamkwepa nani? Kila kijiji kina bibi wa namna hiyo, Mungu asifiwe.

Niliacha kuandika kidogo. Ngoja nishushe pumzi nikueleze, si jambo baya.

Nimesikia kikohozi. Nikaruka, nikaingia jikoni, nikafunga mlango, karatasi zako nikaziacha nje juu ya ungo. Nikadhani anapita tu. Hakupita. Akasimama mbele ya jikoni, na hapakuwa na mtu, bibi yako yuko kwa Mama Atupele, nyumba tupu. Nikabana pumzi. Kuku walikuwa wanadonoa pale uani. Na babu yako, Tusekile, nakuambia kweli tupu, akaanza kusema na kuku.

Akasema, "Wewe kuku. Kuna mtu wa nyumba hii ningependa umfikishie habari."

Nikaweka kanga mdomoni nisicheke.

Akaendelea. "Mwambie nimefikiri. Watu wananiambia, mzee, unampeleka mjukuu wa kike akafundishwe kuwafundisha wanaume kulima, umerogwa? Hilo halikunisumbua. Watu husema. Kuna lingine limenisumbua, nimekaa nalo."

Akaegemea bakora yake. Kuku nao wakaondoka, nikawasikia wanakwenda zao nyuma ya nyumba. Babu yako hakuhama. Akawa sasa anaongea na mlango.

"Yule Joeli alitufundisha kupogoa kahawa. Nilikuwa nimeketi mbele. Mimi ndiye mwenye kisima, mimi ndiye mkubwa, wote wananitazama. Akauliza, mzee, umeelewa? Nikasema nimeelewa." Nikamsikia anabadilisha mguu. "Sikuelewa. Mpaka leo sijui tawi lipi linakatwa na lipi linaachwa. Nimeona haya kuuliza miaka yote hii."

Tusekile! Ile kahawa yake, ile iliyopanda juu mpaka tunavunia kwa ngazi, ile tunayoiita msitu wa mzee, tukasema ni ukaidi, hataki mambo mapya! Na sisi upande wa pili wa wigo tulikuwa tunajua kupogoa, sote, ningeweza kumwonyesha kwa dakika chache, na siwezi. Nilikuwa nimesimama gizani jikoni, moshi unaniingia machoni, na sikujua tena kama ni moshi.

Akasema, "Wake za wanangu wana akili, nimewasikia. Hakuna hata mmoja anayeweza kunishika mkono akanionyesha. Mjukuu anaweza. Mjukuu naruhusiwa kumtazama, na akinicheka ni utani wetu. Mwambie aende. Nimetamka. Baraka zangu zote ziende naye. Ila akirudi, kabla hajafundisha mtu mwingine yeyote, aanze na mimi."

Halafu akaongeza, taratibu kabisa, "Umesikia, Mama Tusekile?"

Kuku hawakuwapo. Alikuwa ananiuliza mimi. Nikafunika kichwa, nikageukia ukuta ili adabu ibaki adabu, nikamjibu kwa Kindali, neno moja tu la kushukuru. Sauti ilitoka ndogo, lakini aliisikia, kwa sababu aliitikia. Kisha akaenda.

Mtakapofika nitakuambia kwamba babu amekubali, na utarukaruka, na baba yako atajidai alijua tangu mwanzo. Lakini hili la kupogoa sitalisema mbele ya watu, wala wewe usilitaje. Ni siri ya mzee, ameiweka mikononi mwangu niikabidhi kwako, nami nakukabidhi hapa. Nitaipenyeza barua hii sandukuni chini ya shuka. Usimwambie mzee kwamba ninayajua yote mpaka mwisho, ingawa aliniambia mwenyewe; kwa adabu, aliyeambiwa ni kuku.

Nina furaha mwanangu, hata maharage yameungua sikuyasikia. Mtayala hivyohivyo.

Nenda ukasome. Ya bustani utayapata, ya mboji unayo tayari, ya visima ulizaliwa nayo. Ukichoka siku moja ukalala darasani, hapo nitakusamehe. Lakini watakapofika kwenye kupogoa kahawa, mwanangu, kaa mbele kabisa, na usipoelewa, uliza.

Mama yako.